Waya za plagi kwenye Beetle: nimezifunga, nimepanda nazo Mau Summit

Hamjambo wapenzi wa magari ya kale. Niko hapa Nakuru, nyuma ya Beetle yangu ya 1969, na seti ninayowaonyesha ni waya za plagi za silikoni, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi za kuwasha mafuta ya injini, unene wa milimita 7. Nimezitumia wiki sita, mvua na jua.

Angalieni kwanza huu mpira mpana mwishoni mwa waya. Wengi huuona kama pambo. Injini hii haina maji, inapozwa na upepo wa feni, na haya mabati yameizunguka ili upepo upite kwenye mapezi ya silinda. Tundu la plagi lisipozibwa, upepo unatorokea hapo. Silinda namba 3 ndiyo huumia kwanza, maana kwenye injini za umri huu kipoza mafuta kimekaa kwenye njia ya upepo wake. Mipira ya seti hii ni mizito na inaziba kabisa. Kwa hilo peke yake ningeinunua tena.

Haya, kupanga. Silinda zinawaka kwa zamu ya 1-4-3-2, rota ya distribyuta (kigawanya umeme kwa kila plagi) inazunguka kama mshale wa saa, na alama kwenye ukingo wa distribyuta ndiyo namba 1. Hayo fundi yeyote wa Beetle anayajua. Kinachosahaulika ni kwamba 4 na 3 ziko upande mmoja na zinawaka zikifuatana. Ukizifunga pamoja ili zipendeze, umeme wa 4 unaweza kuiamsha 3 kabla ya zamu yake. 2 na 1 vilevile. Mimi nimeziachanisha upana wa kidole, na nimeziachia ulegevu kidogo kwa sababu injini inatikisika, ila zisifikie mkanda wala puli. Seti imekuja na vibanio viwili tu vya kuziachanisha! Nilihitaji vinne, vingine nikavitoa kwenye waya za zamani.

Kuna jambo limeniudhi. Nilipozipima kwa mita ya umeme, tatu zilisoma ukinzani wa karibu omu 1,000, ya nne namba ikawa inarukaruka. Kichwa chake hakikuwa kimekazwa kwenye shaba. Nilikifungua, nikakata milimita 5 za waya, nikakizungusha tena hadi kikashika. Ikatulia. Mtu asiye na mita angedhani tatizo ni la mafuta, akapeleka kabureta kwa fundi mara tatu bure.

Juzi usiku, baada ya mvua, nilifungua kifuniko cha injini nikazima taa. Waya za zamani zilikuwa zikirusha cheche za samawati pale zilipogusa bati. Hizi, giza tupu. Kesho yake nikapanda hadi Mau Summit, na gari halikukohoa hata mara moja.

Nimelipa shilingi 4,200. Nunueni, lakini pimeni kila waya kabla ya kuifunga, na siku ya kuitoa shikeni kichwa, msivute waya.