Bayraktar TB2: Kabla ya Kusaini Mkataba wa Kuinunua, Kagua Kamera, Injini na Zamu

Ndege hii isiyo na rubani ya kampuni ya Baykar ya Uturuki ina mabawa ya mita 12 na hubeba mzigo wa kilo 150. Ubora wake mkubwa ni kukaa angani. Mwaka 2019 ilizunguka saa 27 huko Kuwait, kwenye joto na vumbi. Kwa doria ya mpakani au baharini, kwa bei yake, ni chombo kizuri kweli.

Lakini saa hizo zinahitaji watu. Kituo cha kuongozea ardhini hukaliwa na rubani, mwendesha kamera na kamanda. Jeshi lenye timu moja tu limenunua ndege ya saa 27 litakayoirusha kwa muda wa saa nane, basi.

Injini ni Rotax 912 ya petroli, nguvu farasi 100, kutoka Austria. Haina turbo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Kwenye futi 18,000 kanieneo (mgandamizo) ya hewa ni nusu ya ile ya usawa wa bahari, na nguvu ya injini hushuka karibu kiasi hicho hicho. Ukirukia nyanda za juu kama za Ethiopia, ndege hula njia ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka, na mara nyingine itabidi upunguze mafuta au mabomu.

Kamera ndiyo ya kuulizia kwanza. Za mwanzo zilikuwa Wescam, za kutoka Canada. Canada ikasimamisha vibali vya kuziuza Uturuki mwaka 2020 kwa sababu ya vita vya Karabakh, kati ya Azerbaijan na Armenia, ikavifuta 2021. Baykar ikahamia kamera za Aselsan, kampuni ya Uturuki. Mkataba utaje aina ya kamera, nani ataitengeneza na vipuri vinatoka nchi gani.

Bomu lake la MAM-L, kilo 22, hufuata leza. Wingu zito au vumbi likiziba shabaha, halina msaada. Na kwa mwendo wa kilomita 130 kwa saa, ndege yenyewe ni windo rahisi: Libya ziliangushwa nyingi, na Ukraine matumizi yake yalififia baada ya Urusi kupanga rada na makombora yake sawasawa.

Januari 2022, shambulio la droni kwenye kambi ya wakimbizi wa ndani ya Dedebit, Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, liliua zaidi ya watu 50. Mabaki ya MAM-L yaliokotwa pale. Kamera ya joto huonyesha mwili wa mtu, haisemi ni askari au mama aliyekimbia vita. Kwa hiyo mafunzo ya wasomaji wa picha yatengewe fungu lake kwenye mkataba, mbali na ya marubani, na yakamilike kabla bomu la kwanza halijafungwa bawani.