Usiku 6 Dhigurah, Maldivi: nyumba nzuri, mchanga uliohama na potwe mmoja

Kwenye picha za tangazo, mbele ya nyumba ya wageni pana mchanga mweupe wa kutosha watoto kuchezea mpira. Tulipofika mimi na mke wangu mwanzoni mwa Juni, tulikuta vitanda vya ufukweni vimeegemezwa ukutani na mawimbi yanapiga mizizi ya minazi. Mchanga haupo. Nilikasirika, sifichi. Nililipa dola 70 kwa usiku, chumba na chai ya asubuhi, pesa niliyodunduliza misimu mitatu ya kupeleka wageni kuona potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote, pale Kilindoni kwetu Mafia, na tiketi alitusaidia shemeji yangu anayefanya kazi Doha. Mtu ukijinyima hivyo, unataka ulichoonyeshwa.

Mwenye nyumba, mzee wa makamo, mvuvi wa zamani, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Beybe, mchanga wako upo. Umehamia upande wa pili. Njoo." Beybe ni kaka mkubwa kwa Kidhivehi, na aliniita hivyo siku zote sita ingawa kwa umri yeye ndiye mkubwa. Tukakata kisiwa kwa miguu, dakika chache tu, tukatokea upande wa mashariki. Ufuo wote ulikuwa pale, mpana, mweupe, umetulia.

Maelezo yake nayaandika hapa kwa sababu hayapo kwenye tangazo, na yangekuwepo nisingekuwa na ugomvi na mtu. Wao wana misimu miwili ya upepo kama sisi. Iruvai ni kaskazi yao, hulhangu ni kusi. Tena upepo ni ule ule: kusi inayotupiga Mafia kutoka kusini-mashariki ikivuka ikweta hupinda, ikawafikia wao ikitoka kusini-magharibi. Hulhangu likianza mwezi wa Mei, mawimbi huuzoa mchanga wa upande mmoja na kuupeleka mwingine, iruvai likirudi nao hurudi. Kisiwa hakiongezeki wala hakipungui kwa hilo, kinajigeuza tu kama mtu kitandani. Picha zile zilipigwa Februari. Ushauri wangu kwa wenye nyumba hii, na niliwaambia ana kwa ana: wekeni picha mbili, ya iruvai na ya hulhangu. Mgeni mwenye akili atawaheshimu zaidi.

Sasa nyumba yenyewe. Vyumba ni safi, kiyoyozi kinafanya kazi, shuka zinabadilishwa bila kuomba. Bafuni maji yana chumvichumvi kidogo na sabuni haitoi povu vizuri. Mke wangu alilalamika nywele. Chai ya asubuhi ndiyo iliyotufanya tujione nyumbani. Wanakula mas huni: jodari aliyechambuliwa, nazi ya kukuna, kitunguu, pilipili na ndimu, vyote vinavurugwa kwa mkono, unakula na roshi, ambayo ni chapati nyembamba isiyo na mafuta mengi. Mchana garudhiya, mchuzi mweupe wa jodari na wali. Wana pia jodari wa kuchemsha, kukaushwa kwa moshi na kuanikwa hadi awe mgumu kama gogo. Harufu yake ni ile ya ng'onda wetu, na unapikia mboga vivyo hivyo. Mboga za majani ni chache na ghali. Kuku, vitunguu, machungwa, saruji, vyote vinaletwa na boti, maana ardhi ya kulima haipo.

Na hapo nieleze kisiwa, kwa sababu bila hivyo hutaelewa unalipia nini. Kwetu Mafia tumekaa juu ya mwamba. Ukienda Juani au Chole unakanyaga matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya bahari, makali yanayokata viatu. Dhigurah hakuna jiwe hata moja la kusimamia. Jina lenyewe maana yake kisiwa kirefu: kama kilomita 3 kwa urefu, upana mita mia chache, mchanga mtupu uliorundikana kwenye ukingo wa atoli ya Ari. Atoli ni pete ya matumbawe yenye maji tulivu katikati, na neno hilo ulimwengu mzima umeliazima kutoka kwao, atholhu. Ari peke yake ina urefu wa karibu kilomita 90, na nchi nzima ina atoli 26 zenye visiwa karibu 1,200. Mwanasayansi Charles Darwin alieleza mwaka 1842 jinsi pete kama hizi zinavyotokea: mlima wa volkano unazama taratibu, matumbawe yanazidi kujenga juu kuifuata nuru, mpaka mlima unapotea na pete inabaki. Waliochimba chini ya Maldivi wamepita zaidi ya kilomita 2 za chokaa kabla ya kukuta jiwe la volkano. Ukisimama ufukweni pale, miguu yako iko juu ya kazi ya wadudu wa baharini yenye kina hicho, na kichwa chako ndicho kilima. Karibu nchi nzima haifiki mita 3 kutoka usawa wa bahari.

Mchanga huo unatoka wapi? Siku ya tatu nilivaa miwani nikazama mita mbili tu kando ya mwamba. Kabla sijaona kitu nilisikia: kro, kro, kro, kama mtu anatafuna muwa kavu. Walikuwa pono, kundi la kama thelathini, wa kijani na wa kahawia, wanang'ata matumbawe kwa yale meno yao ya kasuku. Mmoja akageuka, akaachia nyuma wingu jeupe likashuka polepole hadi chini. Mchanga. Kwenye kisiwa cha Vakkaru, kaskazini zaidi, watafiti walipima wakakuta zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya wa mwambani unatoka kwa pono. Nimevua pono tangu utoto, nimemla wa kukaanga na wa nazi, na sikuwahi kufikiri kwamba yule samaki tunayemtaja kwa usingizi tu ndiye anayetengeneza ardhi ya watu. Nilitoka majini nikakaa muda mrefu bila kusema na mtu.

Kitu cha pili hakuna mgeni mwingine aliyeonyeshwa, labda kwa kuwa mimi niliuliza. Niliuliza maji ya kunywa walipata wapi zamani, kabla ya mitambo ya kuondoa chumvi. Mzee akachukua jembe, akanipeleka katikati ya kisiwa chini ya mshelisheli, akachimba shimo la kumfika kiunoni. Maji yakaanza kutokeza chini, taratibu, rangi ya chai nyepesi. Nikachota kwa kifuu nikaonja: baridi, na chumvi kwa mbali sana. Mvua ikinyesha huzama mchangani na kuelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita 1 ya maji yasiyo na chumvi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na kama mita 40 za maji hayo hayo chini yake. Kwa hiyo ukivuta kupita kiasi kisimani, chumvi inapanda kutoka chini, haitoki pembeni. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilimwaga bahari juu ya visima vya visiwa vingi, na kisiwa cha Kandholhudhoo kilihamwa moja kwa moja. Leo maji ya kisima pale nyumbani ni ya chooni na kumwagilia. Ya kunywa unanunua ya chupa, na chupa tupu zilizorundikana nyuma ya gati ziliniuma. Nyumba ingeweka pipa la maji ya mtambo wageni wajaze chupa zao, ingekuwa imefanya jambo kubwa.

Safari ya potwe, ambayo ndiyo iliyonipeleka, naipa alama ndogo. Wao wanamwita fehurihi. Eneo lote la kusini mwa Ari limehifadhiwa tangu 2009, na tofauti na kwetu, ambako potwe wanafuata uduvi karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, kule wanaonekana mwaka mzima wakipita ukingo wa nje wa mwamba, pale sakafu inapokatika ghafla na rangi ya maji kugeuka wino. Kiongozi alitusomea masharti vizuri: usimguse, kaa mita 3 kutoka mwilini na 4 kutoka mkiani. Tukazunguka kwa muda wa saa tatu. Alipoonekana mmoja, wa kama mita 5, boti tisa zilimfuata kwa pamoja, na nahodha wetu akatushusha karibu na kichwa chake, watu kumi na wawili kwa mpigo. Nilihesabu pumzi zangu: kumi na nne. Akainamisha kichwa, akazama, akaisha. Mimi ndiye nahodha kwetu, najua ushawishi wa mgeni aliyelipa. Najua pia kwamba unashusha watu mbele, mbali, kando ya njia yake, halafu unamwacha aje mwenyewe. Boti haikuwa ya mwenye nyumba, alikodi, lakini pesa alichukua yeye, basi lawama aibebe. Nilimwambia, akaandika kwenye daftari lake.

Jambo jingine la wanaotoka mwambao wetu: msitegemee kupwa. Kwetu maji ya bamvua hushuka zaidi ya mita 3, akina mama wanatoka na vijiti kutafuta pweza. Kule maji hupanda na kushuka chini ya mita moja, kwa hiyo mwamba hauachwi wazi vile, na mke wangu alikosa kabisa la kufanya asubuhi. Jioni alioga baharini na wanawake wa kisiwa, nguo zao mwilini, kwenye ufuo wa wenyeji. Wageni wanaotaka kuvaa chupi za kuogelea wana ufuo wao uliozungushiwa. Pombe hakuna, kisiwa cha Waislamu, adhana unaisikia chumbani. Kwetu sisi hilo lilikuwa raha.

Gharama zitazameni vizuri. Bei ya tangazo haina kodi ya utalii ya asilimia 17, wala asilimia 10 ya huduma, wala kodi ya mazingira ya dola 6 kwa kila mtu kwa siku. Kwa wawili, siku sita, hiyo ya mwisho peke yake ni dola 72. Boti ya kasi kutoka Malé, mji mkuu, ilikuwa dola 55 kwa mtu kwenda tu, saa mbili za kurushwarushwa kwa hulhangu. Mwenye mgongo mbovu akae nyuma. Viza tulipewa uwanjani bila malipo. Mkipata nusu siku Malé, nendeni mkauone Hukuru Miskiy, msikiti wa mwaka 1658 uliojengwa kwa matumbawe yaliyochongwa na kuungana bila chokaa. Sisi Waswahili tuliojenga Kua na Kilwa kwa jiwe hilo hilo tutautazama kwa jicho jingine.

Natoa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ajili ya potwe na ile picha ya Februari. Mkienda, ombeni chumba namba 3, kina dirisha la upande wa mshelisheli, na mwambieni mzee mnataka kuonja maji ya shimo. Jembe liko nyuma ya jiko.