Abakasi Tatu za Madukani Nairobi, na Moja tu ya Kukokotolea

Ukiingia duka la vifaa vya shule katikati ya jiji ukaomba abakasi, yaani kifaa cha kuhesabia kwa shanga, utawekewa mezani kimoja kati ya vitu vitatu ambavyo havifanyi kazi moja, ingawa muuzaji huviita kwa jina moja. Cha kwanza ni fremu ya mbao yenye waya kumi zilizolala, kila waya na shanga kumi. Cha pili ni kibao chenye misumari mitatu au minne iliyosimama, kila msumari na nafasi yake: mamoja, makumi, mamia, maelfu. Cha tatu, ambacho si kila duka huwa nacho, ni sorobani ya Kijapani. Hii ni fremu nyembamba ya fito zilizokatwa na mwamba mmoja, yaani upau wa kukingama, ushanga mmoja juu ya mwamba na minne chini yake. Tusizunguke: cha kukokotolea ni hicho cha tatu. Viwili vya mwanzo ni vya kufundishia, na kimojawapo hata kazi hiyo huifanya kwa kuchechemea.

Kinachochechemea ni fremu ya shanga 100. Asili yake ni Urusi, ambako makarani na wauza maduka waliitegemea hadi ndani ya karne ya 20. Jean-Victor Poncelet, mhandisi wa jeshi la Napoleon, alitekwa huko mwaka 1812, akaachiliwa mwaka 1814, na aliporudi Ufaransa akaingiza fremu hiyo katika ufundishaji mjini Metz. Tangu hapo Ulaya Magharibi ikaijua kama kifaa cha watoto. Ile ya Kirusi ina akili moja ambayo watengenezaji wengi wa leo wameitupa: shanga mbili za katikati za kila waya zina rangi tofauti, kwa hiyo jicho huiona tano bila kuhesabu. Fremu nyingi za madukani hupaka waya mzima rangi moja, huu mwekundu, ule wa kijani. Rafuni inapendeza. Mezani, mtoto akisukuma shanga saba hana njia ila kuzihesabu moja moja, na kesho yake ni vivyo hivyo. Tafuta yenye shanga tano za rangi moja na tano za rangi nyingine katika kila waya. Ukiikosa, paka rangi ya kucha shanga tano za upande mmoja, kazi ya dakika chache. Kabla ya kulipa, bonyeza waya katikati kwa kidole. Ukibonyea na kubaki umepinda, shanga zitakuwa zikiteremka zenyewe na hesabu haitatulia.

Kibao cha misumari ni kizuri kwa jambo moja tu, thamani ya nafasi. Kila msumari hubeba shanga tisa mwisho. Ya kumi ikija, zote kumi zinatoka na moja inaingia msumari wa kushoto. Kwa hiyo urefu wa msumari ndio kila kitu. Jaza shanga tisa ukiwa bado dukani. Kukibaki nafasi ya tatu au nne zaidi, mtoto ataweka 12 kwenye mamoja na hakuna kitakachomzuia. Hiki hatukushauri ukinunue, kwa sababu kinatengenezeka nyumbani. Chukua kipande cha ubao, misumari mitatu na vizibo 28 vya plastiki vya chupa za maji vilivyotobolewa katikati. Panga vizibo tisa upime kimo chake, kisha kata misumari ili sehemu inayotokeza ubaoni iwe na kimo hicho hicho, na usugue ncha kwa tupa. Vizibo vya soda vya chuma vinafaa pia, ila kingo zake hukwaruza vidole vya mtoto.

Sasa sorobani. Babu yake ni abakasi ya Kichina yenye shanga mbili juu na tano chini, na hiyo ya Kichina utaikuta pia, mara nyingi ikiuzwa kama pambo. Shanga za ziada zilifaa kwa vipimo vya zamani vya Uchina, ambapo ratili moja iligawanywa sehemu 16. Kwa shilingi zetu zinazokwenda kwa kumi, ni mzigo. Ya Kijapani ya leo imezipunguza hadi kila ufito ubebe 0 hadi 9 basi: ushanga wa juu ni tano ukishushwa kwenye mwamba, wa chini ni moja ukipandishwa.

Fito 13 zinamtosha mwanafunzi na hata mwenye duka. Za fito 17 huongeza nafasi ya kuzidisha, na za 23 ni za mtu anayetaka kuweka namba mbili ndefu na jibu lake kwa pamoja. Kitu cha kukagua kwanza ni umbo la ushanga. Uwe na ncha kali ya mzunguko, kana kwamba koni mbili zimegandishwa kitako kwa kitako, maana kidole hushika ile ncha. Shanga za mviringo ni za kuchezea. Zitakuponyoka kila ukiongeza mwendo. Pili, mwamba uwe na vitone kila baada ya fito tatu. Hivyo ndivyo vinavyokuonyesha mamoja, maelfu na mamilioni yako wapi, na visipokuwepo utasoma 4,250 kama 42,500. Tatu, chini kuwe na vipande vya mpira, la sivyo fremu nzima itateleza mezani. Baadhi zina kitufe cha kufuta. Ni raha, lakini ni sehemu moja zaidi ya kuharibika, na kufuta kwa mkono si kazi: inamisha fremu kuelekea kwako shanga zote zishuke, ilaze, kisha pitisha ukucha wa kidole cha shahada kati ya mwamba na shanga za juu, kushoto kwenda kulia.

Jaribio la dukani ni hesabu moja, 425 kujumlisha 78. Weka 425. Anza kushoto: kwenye makumi kuna 2, ongeza 7 kwa kushusha ushanga wa juu na kupandisha miwili ya chini, unasoma 495. Kisha 8 kwenye mamoja. Pale kuna 5, na nafasi ya 8 haipo, kwa hiyo unatoa 2 na kubeba 1, maana 8 ni 10 kasoro 2. Kutoa 2 katika 5 ni kuinua ushanga wa juu na kupandisha mitatu ya chini. Ile 1 ya kubeba inakuta 9 kwenye makumi. Futa hizo 9, mbele kwa mamia. Huko kuna 4 na shanga za chini zimekwisha, basi shusha ya juu na uteremshe zote nne. Jibu 503. Kidole gumba hupandisha shanga za chini tu, cha shahada hufanya mengine yote. Fito tatu zimefanya kazi kwa hesabu moja, na ushanga wowote unaokwama au unaoteleza kupita kiasi utakuwa umejitaja.

Wanaoanza hukosea hapo hapo kwenye 8: hutafuta jibu kichwani, 13, kisha huliandika kwa shanga. Mtu wa namna hiyo hatawahi kuwa na kasi. Vidole vinapaswa kujua jozi za 5 (kama 2 na 3) na jozi za 10 (kama 8 na 2), basi. Kasi yenyewe si hadithi: Novemba 1946 mjini Tokyo, Kiyoshi Matsuzaki wa wizara ya posta alishindana kwa sorobani na Thomas Nathan Wood, askari wa Marekani aliyetumia kikokotoo cha umeme. Matsuzaki alishinda 4 kwa 1. Mashine iliambulia kuzidisha. Kikokotoo cha leo cha madukani Luthuli Avenue, Nairobi, kingemshinda yeyote katika kuzidisha namba ndefu, na duka lenye foleni halina sababu ya kukiacha.

Kuhusu madarasa ya hesabu za abakasi za kichwani yanayotangazwa mitaani, uliza mtoto atashika sorobani halisi kwa muda gani kabla ya kuanza kuiwazia. Ukijibiwa wiki chache, shika njia.

Matunzo ni mepesi. Nairobi si Mombasa, mbao hazitavimba kwa unyevu. Adui ni vumbi. Tumia brashi kavu, na usitie mafuta, kwani yatalishika vumbi na kuligandisha kwenye fito.

Kwa mtoto asiyeona, sorobani ya kawaida haifai, kwa kuwa akipapasa shanga zinahama. Iliyoundwa kwa ajili yake ni ya Cranmer, kutoka Marekani, yenye fito 13 na kitambaa kizito nyuma ya shanga kinachozishika zisisogee bila kusukumwa. Kama hukuipata, bandika kipande cha felti kwenye kibao, kikaze nyuma ya sorobani ya plastiki hadi felti iguse shanga, na ulegeze kidogo kidogo mpaka zisogee kwa kidole lakini zisihame fremu ikiinamishwa.