Eko ya moyo: kituo kilichompima mama yangu kwa utulivu

Mama alipoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi kila anapolala chali, daktari wake aliagiza apimwe eko ya moyo, yaani kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti, kisicho na mionzi. Tulikifanya mara mbili, katika vituo viwili tofauti, na ni kile cha pili ninachokitathmini hapa.

Cha kwanza nakitaja kwa ufupi. Kilitumia chini ya dakika kumi, kikatupa ripoti yenye sentensi moja iliyosema kwamba moyo unasukuma damu vizuri. Hapakuwa na tarakimu hata moja, na daktari alisema wazi kwamba hawezi kupanga dawa kwa karatasi ile.

Katika kituo cha pili tulisubiri sana, jambo ambalo wanapaswa kulirekebisha, lakini mara tulipoingia chumbani haraka yote iliisha. Mtaalamu alimwamkia mama, akampima presha, urefu na uzito, kwa kuwa ukubwa wa chemba za moyo hulinganishwa na umbo la mtu. Kisha akamlaza ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto ukiwa chini ya kichwa, ili moyo usogee karibu na ukuta wa kifua na nafasi kati ya mbavu itanuke. Mfupa na hewa ya mapafu huzuia mawimbi hayo, kwa hiyo upenyo huo mdogo ndiyo njia ya kuufikia moyo. "Mama, toa pumzi, sasa ibane kidogo," alimwambia kwa upole kila taswira ilipofifia.

Kwenye skrini niliona vali ya mitrali, yaani mlango ulio kati ya chemba mbili za upande wa kushoto wa moyo, ikifunguka na kujifunga. Alipowasha rangi, damu inayoelekea kwenye kifaa alichokishikilia kifuani pa mama ilionekana nyekundu na inayokwenda mbali nacho ikawa ya buluu, na kila moyo ulipojikamua, mkondo mwembamba wa buluu ulipenya kurudi nyuma pale ambapo vali ilipaswa kuwa imefumba. Hakupita tu. Alisimama hapo, akaupima, akabadili pembe na kuupima tena.

Ripoti yao ndiyo iliyonipa imani. Iliandika kwamba ventrikali ya kushoto, chemba inayosukuma damu kwenda mwilini, inatoa asilimia 38 ya damu yake kwa kila pigo, ilhali kwa kawaida kiwango hicho huwa kati ya 50 na 70, ikaeleza njia iliyotumika kukokotoa, unene wa kuta, hali ya kila vali na hata ubora wa taswira zenyewe. Maelezo hayo si mapambo, kwani tofauti ya asilimia chache kati ya kipimo na kipimo inaweza kutokana na mkono wa mpimaji tu. Walitueleza pia, bila kuulizwa, kwamba eko haitoshi kuonyesha mishipa ya moyo iliyoziba, na kwamba kovu kwenye msuli huonekana vizuri zaidi kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku.

Nakipendekeza kituo hiki kwa moyo wote, ila ombeni nakala ya taswira kabla ya kuondoka, maana sisi tulilazimika kurudi siku ya pili kuichukua. Mama ameanza dawa na atapimwa tena baada ya miezi mitatu. Nimeomba awe mtaalamu yule yule, kwa mashine ile ile.