Filimbi ya Kuitia Bata Yenye Ndimi Mbili: Tathmini Baada ya Msimu Mzima wa Kunata

Filimbi ninayoitathmini hapa ni ya kuitia bata-mwitu, yenye ndimi mbili, iliyotengenezwa kwa polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, na nimeitumia msimu mzima wa uwindaji pamoja na miezi ya mazoezi iliyoutangulia. Nianze na sifa zake, kwa sababu lawama zitafuata. Sauti yake ni nzito na ina mkwaruzo kama wa bata jike, haidai pumzi nyingi, na anayejifunza anaweza kutoa mlio unaokubalika baada ya siku chache tu. Tatizo ni kwamba hunata. Katikati ya mfululizo wa milio, pale hasa bata wanapoanza kugeuka angani, sauti hukatika ghafla, pumzi hurudi mdomoni kama iliyozibiwa njia, na kinachosikika ni mluzi mwembamba au kimya kitupu.

Ili kuitendea haki, ni lazima kwanza nieleze kinachotokea ndani yake. Filimbi hii ina vipande viwili: bomba linalowekwa mdomoni, na kipande cha nyuma kinachochomekwa ndani ya bomba hilo. Kipande cha nyuma kina kibao cha sauti chenye mfereji katikati, na juu ya kibao hulala ndimi mbili za Mylar, ambayo ni plastiki nyembamba isiyonyumbuka kupita kiasi. Za kwangu zina unene wa inchi 0.010, yaani takriban robo ya milimita. Kabari ndogo ya kizibo, yaani gome laini la mti kama lile la kuzibia chupa, huzibana ndimi hizo upande mmoja, na upande wa pili huachwa huru utetemeke. Pumzi ya mtu ina joto na mvuke mwingi, kwa hiyo ikigusa plastiki iliyopoa mvuke hugeuka kuwa matone, mate nayo huongezeka, na utando mwembamba wa maji hushikanisha ulimi na kibao, au ulimi na ulimi mwenzake, kama vioo viwili vilivyolowa vinavyokataa kuachana.

Mwanzoni nilizilaumu ndimi, nikanunua mpya, na hali haikubadilika. Ningeokoa fedha hizo kama ningejiuliza mapema filimbi inanata lini. Ikinata baada ya kupulizwa kwa muda mrefu, kisha ikafunguka ukiipuliza kwa nguvu kutoka upande wa nyuma, tatizo ni maji na hakuna kilichoharibika. Ikinata tangu mlio wa kwanza ilhali ni kavu, basi kuna uchafu, au ulimi umepinda, au kabari imechoka. Uchafu wenyewe si lazima uonekane kwa macho: kahawa yenye sukari iliyonywewa muda mfupi kabla ya kupuliza huacha gundi ya kutosha. Nimeona kwamba karatasi nyembamba na safi, au uzi wa kusafishia meno usio na nta, ukipitishwa taratibu chini ya ulimi kutoka kwenye ncha kuelekea kwenye kabari, huondoa sehemu kubwa ya uchafu huo, mradi ulimi usiinuliwe sana, kwani ukishajikunja haurudi tena katika umbo lake.

Usafi wa kina huhitaji kuifungua. Kabla ya kutoa chochote, chora kwa penseli mstari unaoonyesha kabari na ndimi zilikokaa, kwa sababu ulimi ukisogea mbele hata kidogo sauti hushuka na kuwa nzito isivyotakiwa. Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo na mswaki laini vinatosha. Maji yanayochemka yanaweza kuzipinda ndimi, na asetoni huipasua polikaboneti nyufa ndogo ndogo. Wakati wa kurudisha, katika filimbi hii ulimi mfupi hukaa juu, na kinundu chake kidogo huelekea chini ili kuutenga na ulimi mrefu. Mimi nilikigeuza kikaelekea juu, ndimi zikalaliana bapa kwa bapa, na kwa siku mbili nikaamini kwamba filimbi imekufa.

Mkosaji mkuu, hata hivyo, alikuwa kabari. Kizibo hubonyea na kukauka kadiri muda unavyopita, kikaacha kubana sawasawa, na ndimi zikaanza kusogea na kulala vibaya juu ya kibao. Nilipoweka kabari mpya, iliyokatwa kwa ukubwa ule ule wa ya zamani, kunata kwa ukavu kulikoma siku hiyo hiyo. Hapa ndipo ninapomlaumu mtengenezaji: kisanduku hakikuwa na kabari ya akiba wala maelezo yoyote ya kuifungua filimbi, ilhali kifaa hiki hakiwezi kudumu bila mambo hayo mawili. Kukosekana kwa maelezo ndiko kunakowafanya watu wakimbilie msasa na kuusugua mkunjo wa kibao, ambao ndio unaoamua sauti yote. Ukishaliwa, hakuna namna ya kuurudisha.

Kunata kwa maji kumepungua lakini hakujaisha, na sidhani kama kutaisha. Huitunza filimbi ndani ya koti asubuhi za baridi ili plastiki isipoe, huikung'uta kila baada ya mfululizo, na hujitahidi kusukuma hewa kutoka tumboni badala ya kuipuliza kwa mashavu, jambo linalopunguza mate. Katika mashindano ya dunia ya kuita bata yanayofanyika Stuttgart, Arkansas, nchini Marekani, tangu mwaka 1936, mshindani hupewa sekunde 90 jukwaani, na kwa muda huo karibu filimbi yoyote hubaki kavu. Mwindaji aliyejificha kwenye matete kwa saa tatu, ukungu ukimwangukia, ana mtihani tofauti kabisa, na ni kwa mtihani huo ninavyoipima hii.

Oringi, yaani pete za mpira zinazoshikilia kipande cha nyuma, hazijanisumbua. Hupakwa grisi kidogo ya silikoni mara moja kwa msimu, na grisi hiyo isifike kwenye ndimi.

Kwa anayeanza na aliye tayari kuifungua mara kwa mara, ninaipendekeza bila kusita. Asiyependa kushika penseli na mswaki atafute nyingine. Ninaipa nyota nne kati ya tano, na ile iliyopungua ni ya kabari.