Nchi 7 kwa siku 10 tulizikataa: ziara yetu ya Ulaya na watoto wa sekondari

Karatasi mbili za kampuni za utalii zilikaa mezani kwetu Ujiji wiki nzima, na wiki nzima tulibishana. Ya kwanza iliahidi nchi 7 kwa siku 10. Ya pili nchi 4 tu kwa siku 8, na bado kila mtu alipe euro 210 zaidi. Mume wangu alitaka ile ya kwanza. Pesa tumeidunduliza miaka 6 kwenye mawese na dagaa, alisema, halafu tukaone nchi chache kwa bei kubwa? Nilikuwa upande wake, mpaka binti yetu wa miaka 16 alipochukua kalamu akaanza kujumlisha saa za ndani ya basi.

Aliandika kila mji na umbali wa kufika mji unaofuata. Akaongeza mapumziko, maana sheria ya Ulaya inamtaka dereva apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu. Siku 5 kati ya zile 10 zilikuwa za kukaa kwenye kiti. Na nchi ya 7 ilikuwa Vatican, ambayo imo ndani ya jiji la Roma. "Mama, hii ni Dar kwenda na kurudi kwa basi," akasema. Baba yake, ambaye safari hiyo anaijua, alinyamaza, kisha akaivuta karibu ile karatasi ya pili.

Ile ya pili ilikuwa hivi: Paris usiku 3, kupita Brussels mchana, Amsterdam usiku 2, Cologne usiku 2. Mdogo wangu anaishi Cologne, kwa hiyo tukapanga kubaki kwake siku 5 baada ya wenzetu kuondoka. Kijana wetu wa miaka 13 naye aliweka sharti lake: apelekwe ilikotengenezwa Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Hakuna kampuni yenye kituo hicho, lakini zile siku 5 zilikuwa zetu.

Kwenye viza tuliteleza, na nalieleza hili kwa urefu kwa sababu wengi watateleza hapo hapo. Wakala alianza kutuandalia makaratasi ya Ufaransa, kwa kuwa ndiko tungetua. Lakini viza ya Schengen, ile moja inayokupitisha nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwenye nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na ukijumlisha siku za kwa mdogo wangu, nchi hiyo ilikuwa Ujerumani. Barua zote zikaandikwa upya. Halafu alama za vidole: kuanzia miaka 12 mtoto hutoa mwenyewe, kwa hiyo wote wanne tulilazimika kwenda Dar, na gharama hiyo haikuwemo kwenye hesabu ya wakala. Ada ya viza ni euro 90, na nusu yake ni ya watoto wa miaka 6 mpaka 11, kwa hiyo wetu walilipa kama wakubwa. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala usingoje zibaki siku 15. Sisi tuliomba Machi kwa safari ya Juni, shule zikiwa zimefungwa. Tulikuwa tumeitamani London pia, watoto kwa ajili ya mpira, mimi kwa ajili ya kaburi la Livingstone pale Westminster Abbey, maana pale alipokutana na Stanley mwaka 1871, chini ya mwembe, ni jirani zetu. Uingereza ina viza yake peke yake na ada yake, tukaiacha.

Sasa ziara yenyewe. Kilichonifurahisha kuliko vyote ni mahali pa hoteli. Paris tulilala ndani ya jiji, treni ya chini ya ardhi ikiwa hatua chache. Kampuni ya bei nafuu ilikuwa inalaza watu nje ya mji, na kijana wa miaka 16 ukimfungia nje ya mji saa 1 jioni wakati jua la Juni linazama karibu saa 4 usiku, unamtesa bure. Alasiri 3 ziliachwa wazi, kila familia na lake. Moja tuliitumia Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926. Tuliswali, kisha tukakaa kunywa chai ya nana. Niliwaona wanangu wametulia namna ambayo sikuwaona ndani ya kundi.

Chakula tulikisemea mapema, tangu siku ya kulipa kianzio: samaki au mboga kila mlo wa pamoja. Walitimiza isipokuwa siku moja ya Brussels, tulipopewa mkate mtupu na jibini. Kwa hilo mwongozaji aliomba radhi, jioni akatutafutia mgahawa wa Waturuki.

Lawama yangu iko kwenye viingilio. Walituandikia tiketi za makumbusho ya Louvre, Paris, za watu 4, kumbe walio chini ya miaka 18 huingia bure pale, na Rijksmuseum ya Amsterdam vilevile. Nilipouliza walizifuta bila ubishi, lakini familia nyingine kwenye basi ilikuwa imeshalipa. Pia kodi ya mji ya Amsterdam, asilimia 12.5 ya bei ya chumba, tulidaiwa mapokezi hotelini. Uliza hayo kwa maandishi. Uliza na vyumba: watu 4 chumba kimoja ni nadra kule. Sisi tulipewa viwili, na cha watoto kilikuwa ghorofa nyingine, jambo lililoninyima usingizi usiku wa kwanza.

Cologne, kijana na baba yake walipanda ngazi 533 za mnara wa kanisa kuu. Mimi na binti tulikaa chini tukila aiskrimu, hakuna aliyemkimbiza mwenzake.

Kisha tukapanda treni kuelekea kaskazini, kupitia Münster, mpaka Papenburg. Ziara ya karakana ya Meyer Werft mdogo wangu alikuwa ameiagiza kabla. Hapo ndipo ilipoundwa Graf von Götzen mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar na kwa reli mpaka Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mama mkwe wangu aliwahi kwenda nayo mpaka Mpulungu. Leo karakana ile inaunda meli za kitalii kubwa kama mtaa mzima, chini ya paa.

Mwanangu alisubiri mwongozaji amalize, akanyoosha mkono, akasema kwa Kiingereza chake cha kidato cha kwanza: mimi natoka Kigoma. Yule mama akasimama. Akamwita mbele ya watu wote, akamwomba awaeleze ziwa lenyewe likoje.