Aleji ya maziwa ya ng'ombe: kopo la maziwa ya watoto la soya au la protini za maziwa zilizokatwakatwa?
Kama mtoto hanyonyi, kwa bei soya inashinda, tena huinywa bila vita. Lile jingine ni ghali, chungu, na ukilifungua harufu itakushtua. Lakini kwa usalama linaongoza: beta-laktoglobulini, protini ya yale majimaji yanayojitenga maziwa yakiganda, imekatwa vipande ambavyo kinga ya watoto wengi haivitambui. Kasini, protini nyingine kuu ya maziwa, imekatwa vilevile. Wachache bado huvimba midomo. Hao huhamia kopo la amino asidi, yaani chembe ndogo zinazounda protini. Soya nayo huwasumbua baadhi ya watoto wenye aleji hii. Chini ya miezi 6, au choo kikiwa na damu, ningeanza na kopo la protini zilizokatwa. Mkubwa zaidi na mfuko umetoboka? Soya, daktari akiridhia. La mbuzi liache dukani: protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.